Kidonda sugu na tiba ya mwanga: mwongozo kwa anayeuguza mtu Goma

Taa nyekundu ya kutibu vidonda inakuja mwishoni mwa foleni. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi kuna video zinazozunguka kwenye WhatsApp: mguu una kidonda kikubwa, mtu anakimulika kwa taa, picha inayofuata ngozi imeshafunga. Baada ya hapo simu zinaanza, taa hiyo inauzwa wapi, ni dola ngapi, inatumia umeme wa SNEL (shirika la umeme la taifa) au wa sola? Hakuna anayeuliza kwa nini kidonda chenyewe kiligoma kupona. Bila jibu la swali hilo, hata mashine ya dola elfu moja itamulika kidonda kilekile mwaka mzima.

Nimeandika kwa ajili ya anayeuguza mzazi nyumbani, na kwa muuguzi wa kituo cha afya ambaye mgonjwa amemletea mashine iliyotumwa na ndugu aliye Ulaya. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka za mwanzo, za mwisho hazitakusaidia.

Hatua ya 1: Jua ni kidonda cha namna gani

Kidonda cha mtu mwenye afya huanza kupungua ndani ya wiki mbili. Kikifikisha wiki nne hadi sita bila kupungua, ni kidonda sugu, na mgonjwa anatakiwa aonwe na munganga (daktari) hata kama hasikii maumivu. Hasa kama hasikii maumivu.

Kidonda cha mguu wa sukari hukaa chini ya unyayo, kwenye kisigino au chini ya dole gumba, kimezungukwa na ngozi ngumu yenye sugu. Sukari ya miaka mingi imeua neva za mguu. Mjini kwetu hilo ni janga maalumu, maana tunatembea juu ya mawe ya volkano. Lava iliyokatiza mji Januari 2002 bado ndiyo sakafu ya vichochoro vingi, na jiwe lake lina makali. Kipande kikiingia kwenye kandambili, mwenye neva nzima atasimama akitoe. Mwenye sukari atakikanyaga kutoka soko la Virunga hadi nyumbani, na atakijua jioni akiona damu kwenye soksi.

Kupima neva ni kazi ya dakika tatu. Muuguzi anatumia uzi wa plastiki unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Anamwomba mgonjwa afumbe macho: "Mama, nikikugusa useme ndiyo." Uzi unagusa dole gumba, unapinda, mama kimya. Unagusa chini ya kidole kidogo, kimya. Unagusa kisigino. "Mwanangu, mbona huanzi?" Hapo kipimo kimekwisha, na ndugu aliyekaa pembeni ameelewa kuliko ambavyo angeelewa kwa maelezo ya saa nzima.

Kidonda cha mishipa inayorudisha damu moyoni hukaa upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Mguu huvimba ikifika jioni, ngozi ya pembeni hugeuka kahawia au nyeusi na kuwa ngumu. Hiki dawa yake kuu ni bendeji ya kubana, kutoka vidoleni hadi chini ya goti. Lakini kabla ya kubana, lazima muuguzi apapase mpigo wa damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo, na kama kuna uwezekano alinganishe presha ya kifundo na ya mkono. Ikiwa ya kifundo haifiki asilimia 80 ya ile ya mkono, usibane kwa nguvu bila mtaalamu. Mguu usiopata damu ukibanwa, unakufa.

Huo mguu usiopata damu una dalili zake: vidole vya baridi, ncha zinazogeuka nyeusi, maumivu ya usiku yanayotulia mgonjwa akining'iniza mguu kando ya kitanda. Unahitaji mpasuaji, wala usipoteze wiki kwa kumulika.

Vidonda vya kulala huota kiunoni, matakoni na visiginoni kwa mtu asiyeweza kujigeuza, na vita vimetuachia vijana wengi waliopigwa risasi ya uti wa mgongo. Kijana mwenye SS (ugonjwa wa selimundu) anaweza kupata kidonda kwenye kifundo kinachofunga na kufunguka tena. Kidonda kisichouma ambacho kingo zake zina uwazi chini, ukiingiza kijiti kinapita chini ya ngozi, kinaweza kuwa Buruli. Ugonjwa huo nchini kwetu unajulikana zaidi upande wa Kongo Central, lakini watu husafiri, na unatibiwa kwa antibiotiki mbili kwa wiki nane. Halafu kuna kidonda cha miaka mingi juu ya kovu la moto, ambacho kingo zake zimeinuka na kuota vinyama. Hicho kikatwe kipande kipelekwe maabara, kwa sababu kinaweza kuwa kansa. Kidonda cha kansa, au kinachoshukiwa kuwa kansa, hakimulikwi kabisa. Mwanga unaochochea seli kufanya kazi hauchagui seli.

Mwisho wa hatua hii: kama kijiti safi cha chuma kinagusa kitu kigumu ndani ya kidonda cha mguu wa sukari, huenda maambukizi yamefika mfupani. Picha ya mfupa kwanza. Hospitali kubwa za mji, kama ile ya Mkoa, Heal Africa au CBCA Ndosho, ndiko kwa kuanzia, siyo kwenye famasi ya Birere.

Hatua ya 2: Damu, sukari, chakula

Apimwe sukari, wingi wa damu na virusi vya UKIMWI. Aulizwe chanjo ya pepopunda, ambayo watu wazima wengi wameisahau tangu utotoni. Sigara aache, maana inabana mishipa ileile inayopeleka damu kwenye kidonda. Kuhusu chakula, nyama mpya inajengwa kwa protini: maharage, mayai, sambaza (samaki wadogo) za ziwa letu. Kuna familia zinamnyima mgonjwa wa sukari kila kitu mpaka anabaki na mboga na maji, kisha wanashangaa kidonda kimesimama. Mpunguzie bugali na soda, sambaza mwachie.

Hatua ya 3: Safisha, na uache kumwagia vitu

Hapa ndipo vidonda vingi vinaharibikia. Nimeona kidonda kilichojazwa unga wa jelule (vidonge vya ganda) za antibiotiki, umeganda kama saruji, na chini yake usaha unajikusanyia. Unga ule hauingii kwenye nyama, unaziba tu. Dawa ya meno, majivu, spiriti na maji ya oksijeni (yale yanayotoa povu) ya kila siku vinaua seli changa zinazojaribu kufunga kidonda.

Tengeneza maji ya chumvi: lita moja ya maji yaliyochemka vizuri, vijiko vidogo viwili vya chumvi vilivyosawazishwa, yapoe yakiwa yamefunikwa. Maji ya bidoni yaliyotoka ziwani yachemshwe bila mjadala, hata kama yamewekwa klorini. Nawa mikono kwa sabuni. Mwagia kidonda kwa wingi, ukianza katikati kwenda nje, na ukitumia maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji baridi yanapunguza kasi ya seli kwa saa kadhaa.

Utando wa njano ulionata na nyama nyeusi iliyokufa vinaondolewa na muuguzi aliyefundishwa, kwa kisu au mkasi safi. Usijaribu nyumbani. Kuna kimoja ambacho hata muuguzi hakiondoi: gamba kavu jeusi kwenye kisigino cha mguu usiopata damu, lisilo na usaha wala harufu, huwa linaachwa kavu hadi mpasuaji aseme.

Kisha funika. Bado kuna imani kwamba kidonda kiachwe wazi "kipigwe na hewa" au kianikwe juani kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevunyevu lilifunga karibu mara mbili haraka kuliko lililoachwa kukauka. Kompresi (kipande cha shashi) yenye vaselini juu ya kidonda, kompresi kavu juu yake, bendeji. Ukiona kompresi imegandamana na nyama, ilowanishe kwanza kabla ya kuivuta. Kuivuta kwa nguvu kunang'oa ngozi mpya ya wiki nzima.

Hatua ya 4: Ondoa uzito

Kama ningeruhusiwa kuchagua jambo moja tu kwa mgonjwa wa mguu wa sukari, ningechagua hili na kuiacha taa. Kila hatua anayokanyaga inasaga nyama iliyoota usiku. Wataalamu hutumia gamba la plasta linaloishia chini ya goti na kugawa uzito. Ukilikosa, kuna viatu maalumu vya kuegemea nusu ya mbele au ya nyuma, na ukivikosa hivyo, magongo na kukaa. Ni vigumu kumwambia mama anayeuza samaki soko la Kituku akae wiki nane. Familia ikae chini ipange nani atakwenda kuuza, nani atachota maji. Mgonjwa apande pikipiki hata kwa safari fupi, asitembee.

Kidonda cha kulala kinaponywa na kugeuzwa kila saa mbili, mchana na usiku. Mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie hewani.

Hatua ya 5: Elewa mwanga kabla ya kutoa pesa

Mwanga kama dawa una historia. Niels Finsen wa Denmark alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga mkali uliokusanywa. Tiba tunayozungumzia hapa ni nyingine, na ilianzia Budapest mwaka 1967: Endre Mester alikuwa akichunguza kama leza nyekundu inaleta kansa kwa panya walionyolewa. Kansa haikutokea, ila nywele ziliota haraka sehemu zilizomulikwa. Baadaye akaanza kuitumia kwa vidonda vya watu.

Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni haya. Ndani ya seli kuna mitokondria, viwanda vya kutengeneza nguvu. Kimeng'enya kimoja humo, saitokromu c oksidesi, kinafyonza mwanga mwekundu na ule wa infraredi ulio karibu na mwekundu. Kikifyonza, seli inapata nguvu zaidi, mishipa midogo inapanuka, na seli zinazosuka nyama mpya zinachangamka. Hakuna joto linalohitajika wala linalotakiwa.

Je, inafanya kazi kwa binadamu? Jibu la haki ni "huenda". Mwaka 2017 wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipitia majaribio 8 yenye wagonjwa 316 wa kidonda cha mguu wa sukari. Waliomulikwa walielekea kupona kwa wingi zaidi, lakini majaribio yalikuwa madogo na mengi yalifanywa vibaya, kwa hiyo ushahidi wakauita dhaifu. Kwa vidonda vya kulala na vile vya mishipa ya kurudisha damu, ushahidi ni mwembamba zaidi. Kwa hiyo anayekuahidi kupona kwa hakika anakuuzia maneno. Mimi siikatai taa, ila siwezi kumwambia mtu auze mbuzi ainunue wakati hana magongo.

Hatua ya 6: Kagua mashine

Tafuta kwenye kibandiko urefu wa wimbi, unaoandikwa kwa nm, yaani nanomita. Namba zinazotumika kwa vidonda ziko kati ya 630 na 680 kwa mwanga mwekundu, na kati ya 800 na 900 kwa infraredi. Mwekundu unafika milimita chache tu, infraredi inaingia zaidi. Namba isipoandikwa, irudishe mashine.

Vitu vinne visikuchanganye. Balbu kubwa nyekundu ya kupasha vifaranga au misuli inatoa joto, na mguu usio na neva utaungua bila mwenyewe kujua. Taa za bluu na za urujuanimno (miale isiyoonekana inayochoma ngozi) za kukaushia kucha hazihusiki. Tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu inabaki kuwa tochi. Na jua la hapa, karibu na ikweta na mita 1,500 juu ya bahari, lina urujuanimno wa kutosha kuichoma ngozi mpya.

Mashine za LED ni salama kuliko za leza kwa mikono isiyofundishwa. Ukiona kibandiko cha leza daraja la 3B au 4, kifaa hicho ni cha hospitali pekee. Infraredi haionekani vizuri kwa macho, kwa hiyo jicho halifumbi lenyewe kujilinda. Miwani ya kinga inayolingana na mwanga huo ivaliwe na wote waliomo chumbani, hata mtoto aliyekuja kuchungulia.

LED hazili umeme mwingi, betri ya sola ya nyumbani inatosha. Adui ni umeme unaopanda na kushuka ghafla baada ya kukatika. Weka stabilizeta, au tumia betri moja kwa moja.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya dozi

Dozi ya mwanga inapimwa kwa jouli kwa kila sentimita mraba. Majaribio mengi ya vidonda yanacheza kati ya 1 na 10, na ninaona 4 ni pa kuanzia pazuri. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kuzidisha kunaharibu. Dozi ndogo inachochea, dozi kubwa inazuia. Anayemulika saa nzima ili "apone haraka" anajirudisha nyuma.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Chukua nguvu ya mashine kwa miliwati kwa kila sentimita mraba, zidisha kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Mashine ya miliwati 50 ikimulika sekunde 80 inatoa 4,000, ukigawanya kwa 1,000 unapata jouli 4. Ya miliwati 20 itahitaji sekunde 200, yaani dakika tatu na sekunde 20. Ya 100 itahitaji sekunde 40.

Wakati mwingine kibandiko kinatoa nguvu yote kwa jumla. Mfano, miliwati 250 zinazotoka kwenye duara la sentimita mraba 5: gawanya 250 kwa 5, ni 50. Kidonda cha sentimita 4 kwa 5 kina eneo la 20 hivi, kwa hiyo utakimulika sehemu nne, kila moja sekunde 80. Jumla haifiki dakika sita. Zingatia pia umbali ulioandikwa na mtengenezaji, kwa kuwa ukiisogeza mbali nguvu inapungua na hesabu inaharibika.

Hatua ya 8: Siku ya kumulika

Munganga awe amekubali. Mwambie dawa zote anazomeza, hasa doksisiklini, kwa kuwa baadhi ya dawa zinafanya ngozi iwe nyepesi kuungua kwa mwanga. Mwenye lupasi au pofiria, magonjwa yanayoweza kufanya ngozi isivumilie mwanga, asimulikwe. Kwa mjamzito, usimulike tumboni wala kiunoni.

Panga siku mbili au tatu kwa wiki, siku zilezile unazobadilisha pansema (kifuniko cha kidonda), ili kidonda kisifunguliwe ovyo. Ondoa pansema, osha kwa maji ya chumvi, hakikisha hakuna mabaki ya krimu nyeupe wala dawa ya kahawia ya iodini, kwa sababu vinaziba mwanga. Kausha ngozi ya pembeni tu. Kichwa cha mashine kivike plastiki nyembamba angavu ya kufunikia chakula, kipya kwa kila mgonjwa, na kisiguse nyama. Vaa miwani, mvalishe mgonjwa. Mulika kingo kwanza, sentimita moja nje ya kidonda, maana ngozi mpya hutoka pembeni, kisha katikati. Hesabu sekunde kwa simu. Gusa ngozi ya jirani kwa mgongo wa mkono: ikiwa imepata joto, zima. Funika kidonda mara moja, futa mashine kwa spiriti, tupa plastiki.

Hatua ya 9: Pima, uandike, uamue

Chukua kaye (daftari). Kila wiki, siku ileile, andika urefu mkubwa na upana mkubwa wa kidonda kwa sentimita, zidisha. Piga picha kwa simu ukiwa umeweka rula pembeni, dirisha likiwa upande uleule. Macho ya anayeuguza yanadanganya. Yanaona nafuu kwa sababu yanaitaka.

Kwa mguu wa sukari kuna kipimo kinachoaminika: baada ya wiki nne za matunzo mazuri, eneo linatakiwa liwe limepungua kwa nusu. Kutoka 20 kwenda 10 au chini. Lisipofika hapo, uwezekano wa kufunga ndani ya wiki kumi na mbili ni mdogo, na jibu siyo kuongeza dakika za taa. Rudi hatua ya 1: mfupa, damu, uzito, au aina ya kidonda iliyokosewa.

Usisubiri wiki nne ukiona homa, wekundu au weusi unaopanda mguuni, uvimbe wa ghafla, harufu mbaya mpya, ngozi inayotoa mlio wa kukwaruza ukiibonyeza, au sukari iliyokuwa imetulia ikipanda bila sababu. Siku hiyohiyo, hospitali, hata usiku.

Kikifunga, taa iache. Mguu usiuache: kati ya watu kumi waliopona kidonda cha mguu wa sukari, wanne hivi hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Kovu jipya halifikii uimara wa ngozi ya zamani, na wiki za kwanza linachanika kwa urahisi, kwa hiyo mgonjwa aanze kwa kutembea ndani ya nyumba, kisha lupango (uani), kisha barabara. Viatu vilivyofungwa, soksi isiyo na mshono mnene, na kabla ya kuvaa, mkono uingie ndani ya kiatu kutafuta jiwe. Kila jioni mtu mwingine wa nyumbani aangalie nyayo zote mbili kwenye mwanga mzuri, pamoja na katikati ya vidole.